Baiskeli Mpya na Neno Nililoropoka Njia Panda

Jumanne, saa kumi jioni. Mvua imepiga tangu asubuhi, sasa imekatika, migomba bado inadondosha. Nimekaa nyuma ya nyumba, hapa kwetu Kaniha, naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Herufi nyingine nazibahatisha tu.

Ninyi wanne mnaonisoma hapa (najua ni wanne, msijifanye umati), mmezoea nije na majigambo. Leo pia yapo. Yavumilieni, maana ndiyo yaliyofanya nilichofanya.

Nimenunua baiskeli.

Si ya mkono wa pili, si ya kurithi kwa mjomba. Mpya, ndani ya boksi, kutoka Biharamulo mjini. Ilipanda juu ya basi ikajilaza kama bosi, mimi nikasimama ndani kama mzigo. Kila basi liliposimama nilichungulia dirishani kuhakikisha hajashuka nayo mtu. Mama mmoja akaniuliza kama nina jeneza la ndugu huko juu. Nikamwambia, mama, huko juu kuna bibi harusi.

Kazi yangu ipo Lusahunga, njia panda, kwenye uwanja yanapopumzika malori ya mpakani Rusumo. Naziba pancha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lazima niwe nimefika, la sivyo bosi anampa mwingine tairi langu. Mwaka mzima nimekwenda kwa miguu, naondoka kuku wakiwa bado wanaota. Wenzangu wana pikipiki. Sawa. Pikipiki inakunywa mafuta, baiskeli yangu inakunywa uji nilioushindilia mwenyewe. Mtu aliyeishia kidato cha pili anaweza kupiga hesabu hiyo.

Fundi wa kuifunga alikuwa Nesta.

Nesta ni Mrundi. Alikuja kwetu msimu wa kupalilia, amevaa koti la suti na hana viatu, akamwomba Mama kibarua. Mama ni Mhangaza wa Ngara, na Kihangaza na Kirundi ni mtu na mdogo wake. Walisalimiana mara moja tu nikajua huyu haondoki leo. Mama akampa chumba cha maharage alale humo. Kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi hakuwa nacho. Sote watatu tulijua. Hatukukaa kikao. Mama aliongeza sahani moja, basi.

Kule kambini alikuwa fundi baiskeli, mpaka siku walipokataza baiskeli humo ndani. Aliniambia, "Fundi wa baiskeli pasipo baiskeli ni kama padri asiye na waumini, mdogo wangu. Anaanza kuongea peke yake." Ndiyo maana akatoka.

Siku moja nilimtania kwa nini harudi kwao, si wanasema kumetulia. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, akasimama, akafuta jembe kwa jani.

"Kule kuna watu wananisubiri," alisema. "Na hawajaniwekea chai."

Kaka yake alitangulia kurudi. Hawajamsikia tena mpaka leo. Sikumtania tena kuhusu hilo. Kuhusu mengine nilimtania kila siku.

Jumamosi yote tuliitumia kuifunga baiskeli. Mimi nilitaka nikaze nati nne nipande, niondoke. Nesta akaniangalia kama mtu anayetaka kula ugali wa moto kwa mikono miwili. Baiskeli ya boksi, alisema, inakuja kavu. Akafungua vitovu vya magurudumu, akatoa gololi, akazipanga juu ya kanga ya Mama, akazipaka grisi moja moja kama anawapaka watoto mafuta baada ya kuoga. Kisha akaipindua miguu juu, akazungusha gurudumu, akashika njiti ya kiberiti karibu na ringi. Njiti ikigusa, tik, anasimama, anakaza spoku ile, analegeza ya upande wa pili. Anazungusha tena. Tik. Nikamuuliza hachoki. Akasema, "Buhoro." Polepole. Saa mbili nzima, buhoro, mpaka njiti ikanyamaza.

Mimi nilikuwa waziri wa mapambo. Viakisia mwanga vyekundu nyuma na vya njano kwenye spoku. Kifuniko cha siti chenye nyuzi. Kipande cha mpira nyuma ya madigadi, nikaandika kwa rangi nyeupe: ACHA WIVU. Tuligombana mara moja tu, kwenye nailoni ya kiwandani iliyofunika fremu. Yeye alitaka kuibandua, eti maji yatajificha ndani, chuma kipate kutu. Nikamwambia wewe fundi mzuri lakini mambo ya huku huyajui. Huku kwetu ukibandua nailoni, watu watajuaje kwamba ni mpya? Nailoni ndiyo cheti cha kuzaliwa. Inakaa mpaka ichanike yenyewe. Akacheka, akaiacha.

Mama akaja na kichupa cha maji ya baraka, akachora msalaba kwenye usukani. Halafu akachora kingine kwenye paji la uso la Nesta. Mimi sikupata. Nikalalamika. Akasema maji yamebaki kidogo, na wewe una shetani mkubwa.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kuipitisha.

Kuipitisha ni desturi, asije mtu akasema nilijiinua mimi peke yangu. Mwenye baiskeli mpya anapita nayo mahali penye watu, taratibu, kengele mkononi, risiti mfuko wa shati ikichungulia nje kidogo. Watu wanagusa, wanasema hongera, wanauliza bei hata kama wanaijua. Sasa hapo Kaniha watu walikuwa wamemaliza hongera zao kabla ya saa nne. Nikatamani njia panda. Nikatamani malori, wauza mahindi ya kuchoma, na hasa wale jamaa wa pikipiki. Na nikatamani Nesta awe nyuma kwenye keria.

Hakutaka. Nataka hilo liandikwe mahali, basi liandikwe hapa. Alisema, "Pitisha wewe, mimi nina vitunguu vya kumwagilia." Nikamwambia fundi asipoonekana kazi yake inaonekana ya duka. Akasema tupite basi njia ya mashambani, tuishie kwa wauza ndizi, turudi. Nikamwambia una woga kama mbuzi wa Pasaka. Akavaa koti lake la suti, akapanda.

Nadhani alitaka. Nadhani tangu wakataze baiskeli kule kambini hakuna mtu aliyemwambia twende ukaonekane. Au najidanganya ili nilale.

Tulipita vizuri jamani. Siwezi kudanganya, tulipita vizuri sana. Gurudumu halikucheza hata kidogo, mteremko ule wa mwisho niliachia breki, koti la Nesta likapepea, na nikamsikia nyuma yangu anacheka na kunisihi kwa Kirundi nisimuue.

Penye njia panda palikuwa na kizuizi. Kamba tu, na meza, na askari polisi mmoja kijana, mgeni kwetu, anakula karanga. Aliyeshika kamba alikuwa mgambo wetu, Baba Odilia, jirani yetu hapa, ile besi ya kwaya inayotikisa madirisha ya kanisa.

"Shikamoo, Baba Odilia."

"Marahaba. He! Hiki chombo ni chako?"

"Cha kwangu. Risiti hii hapa, soma jina, mwenye duka ana mwandiko kama wa daktari."

Hakuisoma. Alizunguka baiskeli, akapiga kengele, akainua gurudumu la nyuma akalizungusha, akainama kulitazama. Mwanaume aliyezeeka na baiskeli anajua anachotazama.

"Hili ringi kalinyoosha nani? Halichezi kabisa. Langu mimi linacheza ngoma. Hebu niambie fundi."

Ndugu zangu wanne, hapo ndipo nilipopaswa kusema fundi yupo Biharamulo. Au amekufa. Au kuishia kutabasamu tu. Baba Odilia alikuwa ananisifia, na kusifiwa mimi ni kama kupewa pombe. Nikapiga keria kwa kiganja.

"Fundi si huyu! Kule kambini watu walikuwa wanapanga foleni kwake."

Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake. Nilimwona Baba Odilia anafumba macho, mara moja, kama mtu aliyepigwa na vumbi. Angeliacha lipite. Nakuapieni angeliacha. Lakini yule askari aliacha karanga.

"Kambi gani?"

Mimi nina mdomo ambao walimu watatu walishindwa kuufunga. Nimewahi kumshawishi dereva wa lori kwamba tairi lake limetobolewa na meno ya fisi. Nilichotakiwa kusema ni kidogo sana: huyu ni mtoto wa mama yangu mkubwa, wa Ngara. Mama ni wa Ngara kweli. Angeambiwa aseme Kihangaza, angesema Kirundi chake, nani hapo angetofautisha?

Sikusema. Ulimi ulikauka. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, na, Mungu anisamehe, kuna sekunde moja nilifikiri kwamba wataichukua baiskeli.

Nesta alishuka kwenye keria. Alishuka taratibu, akatoa nailoni iliyokuwa imemnasa kwenye suruali asije akaichana. Akamwambia askari, "Ni kweli, nimetoka kambini. Kibali sina. Huyu kijana hanijui. Nilimwomba lifti tu pale juu."

Askari akaniuliza, "Unamjua?"

Nikasema simjui.

Ndiyo. Nimeandika. Nilisema simjui.

Mchana walimpakia kwenye gari la polisi. Hakugeuka kuniangalia, na nadhani hata hilo alilifanya kwa ajili yangu, ili uongo ule ushike. Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli kwa mkono. Watu njiani waliendelea kusema hongera.

Mama aliponiona peke yangu aliuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia wamemkamata pale kizuizini. Akauliza wamemjuaje. Hapo ulimi wangu ukafufuka, ona jinsi ulivyo mshenzi. Nikasema sijui, Baba Odilia ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

Sikusema Baba Odilia kamtaja. Nilisema tu alikuwa ameshika kamba. Nilimwacha Mama amalizie mwenyewe, na alimalizia.

Jana Mama alimkuta Baba Odilia kisimani. Mkewe alikuwepo, na watu. Baba Odilia akamwamkia. Mama yangu, ambaye anaitikia hata salamu ya mlevi, alitwika ndoo yake akampita kama anapita kisiki. Akasema kwa sauti, si kwake, kwa ndoo: "Wapo wanaokula mwili wa Bwana asubuhi na wa jirani mchana."

Baba Odilia hakujitetea. Mimi nilikuwa pale na dumu la lita ishirini. Alinitazama mara moja. Angeweza kusema, muulize mwanao. Akaokota ndoo yake, akaondoka na besi yake yote.

Watu wawili sasa wananibeba. Nami ndiye mwenye baiskeli.

Leo asubuhi simu iliita, namba siijui. Alikuwa Nesta, kaazima simu ya mtu. Wamemrudisha kambini. Anasema alielezwa kwamba kesi ya kutoka bila kibali inaweza kuwa ndefu, na kuna orodha ya wanaorudi Burundi kwa hiari, naye ameandika jina. Basi linaondoka Alhamisi. Nilimuuliza, na wale wanaokusubiri? Akasema, "Labda wamechoka kusubiri."

Nilitaka kumwomba msamaha. Maneno yalikuwepo, nilikuwa nimeyapanga tangu Jumapili. Akanitangulia.

"Mnyororo umelegea?"

"Nini?"

"Mnyororo mpya unalegea siku ya tatu. Vuta gurudumu nyuma kidogo, kaza kushoto, kaza kulia, nusu nusu. Usikaze upande mmoja mpaka mwisho, gurudumu litakaa upande. Umenielewa? Msalimie mama."

Simu ikakatika. Sijui kama salio liliisha au ni yeye.

Sijaipanda tangu Jumapili. Jana na leo nimekwenda kazini kwa miguu, nikachelewa siku zote mbili, bosi kanitukana na sikumjibu, mpaka akaniuliza kama naumwa. Mnyororo umelegea vilevile kama alivyosema. Sijaugusa.

Alhamisi ni keshokutwa. Kambini ni mbali, na hata nikifika siwezi kulitoa jina lake kwenye orodha. Nimelizungusha kichwani mchana kutwa. Lipo jina moja tu ninaloweza kulirudisha mahali pake, nalo liko hatua ishirini kutoka hapa. Mama yupo jikoni anamenya ndizi, na kila ndizi anayoimenya namsikia anamtaja Baba Odilia.

Nikiituma hii kabla ya kumwambia, itakuwa nimejisifu tena, safari hii kwa toba. Kwa hiyo naiacha hapa kwanza. Nakwenda jikoni. Nitamwambia lile neno, na lile la "simjui", na lile la kamba. Kisha nitamwomba tuongozane kwa Baba Odilia kabla giza halijaingia, nami nitaongea mbele ya mkewe na wanawe.

Ukiona maandishi haya yametoka, ujue Mama ameshajua.