Flashi za Watu na Kompyuta Isiyotaka Kuamka

Jumamosi, Kibiti. Mvua imenyesha alfajiri ikakatika ghafla, na barabara ya kwetu ni matope matupu. Mimi nimeamka na ubishi.

Ubishi wenyewe umeanza jana. Kaka yangu Mfaume, mwenye hii fremu ya duka ninayofanyia kazi za steshenari, alipita jioni nimchapie barua. Nikaiwasha kompyuta mbele yake. Tukasalimiana, tukaulizana hali ya mama, tukamaliza na habari za majirani, kioo bado cheusi. Akatikisa kichwa.

"Siwema, hiki si chombo tena, ni mgonjwa. Kuna mtu anaitaka fremu aweke vipuri vya pikipiki. Kesho kutwa nakuja. Kama bado iko hivi, tutafute utaratibu mwingine."

Utaratibu mwingine! Najua maana yake. Nirudi nyumbani nikakaange vitumbua na mama, na watu waniambie riziki ni popote. Vitumbua napenda kuvila. Kazi yangu ni hii hapa.

Ila kaka hakusema uongo. Hali ilishakuwa mbaya. Umeme ukikatika na kurudi, nabonyeza kitufe, nachota maji, nafagia kibarazani, narudi, kompyuta haijafika popote. Juzi mwalimu mmoja alikuja kuchapa mitihani. Alikaa, akapiga miayo, akaniaga kwa adabu zote, akavuka barabara kwenda kwa mwenzangu. Iliniuma.

Na si kwamba nilikaa tu. Nilishafungua lile boksi lake na kutoa vumbi kwa brashi ya rangi, maana nimepakana na mashine ya kukoboa mpunga na pumba zinaingia hadi kwenye chai. Nilishasaka virusi. Nilishazima programu zote zinazojiwasha zenyewe. Hola! Fundi wa stendi akaja, akainamisha sikio, akasema diski imechoka, ninunue nyingine. Labda. Leo nikaamua kwanza niitazame mwenyewe, bila kwenda kuchota maji.

Nikavuta kiti, nikaiwasha, nikaikodolea macho.

Nikaona kitu ambacho kila siku nilikuwa nakikosa kwa kuondoka. Inakwama mwanzo kabisa, pale linapotokea jina la kampuni iliyoiunda, kabla haijagusa programu hata moja. Ikishavuka hapo inakwenda vizuri tu. Kumbe nilikuwa nazilaumu programu ambazo hata hazijafikiwa. Sasa inangoja nini?

Nikainama kuangalia nyuma ya meza.

Flashi.

Hapa lazima nieleze, kwa asiyewajua watu wetu. Wateja wangu wengi wanatoka deltani, Mbwera na vitongoji vyake. Wanashuka Nyamisati kwa boti, ndipo wanapanda gari kuja huku. Boti inarusha maji, na flashi ikishaingia maji ya chumvi imekwisha. Kwa hiyo mtu akimaliza shughuli zake haondoki nayo. "Niwekee, dada, nikija tena nitaikuta." Na kwetu mtu akikukabidhi amana humwambii hapana. Mimi, kwa kuogopa zisipotee kwenye droo, nikanunua kile kidude chenye matundu mengi, nikazichomeka zote humo nyuma ya kompyuta, kila moja na uzi wake na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Nikajiona mtunzaji hodari. Zilikuwa zinalala humo na kuamka humo.

Na kompyuta yangu, kila ninapoiwasha, inaanza kuzipitia hizo, moja baada ya nyingine, ikitafuta pa kuanzia, ndipo inakumbuka kuwa ina diski yake tumboni.

Nikachomoa kile kidude. Nikabonyeza. Sikuwahi hata kunyoosha mgongo, imeshafika! Nikaizima nikaiwasha tena, kwa raha tu. Nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka jirani wa mashine akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilitaka kujua kama zote zina hatia. Nikawa nachomeka moja, nazima, nawasha. Nyingi zilipita bila shida kubwa. Nikafika kwenye moja nyeusi, kompyuta ikaganda palepale. Nikageuza kikaratasi.

Mfaume.

Raha ikaniisha. Hiyo flashi kaka aliniletea tulipomaliza matanga ya mkewe, wifi yangu Zaituni. Picha za harusi yao zimo humo na hazipo kwingine. Aliniambia nimtunzie, hakuiulizia tena, nami nikaichomeka pamoja na za wateja nikasahau. Umeme wa kukatika na kurudi umeimaliza taratibu, chini ya uangalizi wangu.

Sikupokea kazi nyingine. Niliiacha kompyuta iwake kwanza, ndipo nikaichomeka flashi na kuanza kuhamisha picha moja moja. Ikijifunga, naichomoa, naiacha ipoe, narudia. Kuna zilizogoma kabisa, na kila iliyogoma iliniumiza. Lakini nyingi zimetoka. Katika mojawapo wifi anacheka huku kaziba mdomo kwa upindo wa kanga, vilevile alivyokuwa.

Nikampigia kaka simu. Kaja baada ya alasiri, na matope yake miguuni.

"Shikamoo, kaka. Flashi yako imeharibika, na kosa ni langu. Kaa uone nilichookoa."

Alikaa. Hakunigombeza. Alitazama picha moja baada ya moja, akafika kwenye hiyo ya kucheka, akasema taratibu, "Nilishaanza kusahau anavyocheka." Akavua kofia, akajifuta macho nayo, akaniambia ahsante, akaondoka. Fremu hakuitaja.

Flashi za watu sasa ziko kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko, juu ya kabati.

Nimemsimulia mama. Kasema, "Nyamaza, mwanangu. Roho yake imelainika, hatakutoa tena." Huenda mama kasema kweli. Ningenyamaza, ningebaki, na kila siku ningejua ni kwa nini nimebaki.

Sitaki. Kesho kaka akija, kama alivyosema, nitaizima kompyuta mbele yake na kuiwasha, halafu nitamuuliza mwenyewe habari ya fremu. Akiamua kumpa mtu wa vipuri, ampe akiwa ameiona inawaka.