Mafuta ya Nyonyo

Jumatatu, 24 Machi 1958
Kinu kimelia mchana kutwa. Mhimili wa gurudumu la maji umelila gogo linaloushika, tundu limepanuka mpaka kidole kinapita. Grisi imekwisha. Lori linaloleta nyingine limekwama matopeni njia ya Mbeya. Swaumu ya tatu leo. Kichwa kinagonga.

Jumanne, 25 Machi
Tajiri mwenye kinu kaleta debe la mafuta ya nguruwe. Kapewa bure na mlowezi jirani. Mhimili uko juu ya sanduku la unga. Mafuta yakipata moto yanadondokea humohumo. Na Waislamu wa mjini wanasaga hapahapa Ipogolo, Ramadhani hii! Nimemwambia akiyapaka naacha kazi, na msikitini nitasema. Kanijibu mlango uko wazi. Watoto wanne ninao. Nimerudi nyumbani nimefura, hata futari haikupita.

Jumatano, 26 Machi
Yohana kaniokoa. Ni mwenzangu wa kinuni, Mhehe, Mlutheri. Kaja na chupa ya mafuta ya nyonyo aliyoyakamua mkewe. "Usiondoke, ndugu yangu. Mimi nitapaka haya." Debe kalisukumia nje. Tajiri hajali, mradi unga utoke. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 28 Machi
Mafuta ya nyonyo hayadumu. Yanaungua, moshi unatuingia machoni. Gogo linamomonyoka, chuma chenyewe kimeanza kuchimbika. Lazima kupaka kila mara. Tukifunga mfereji ili gurudumu lisimame, tajiri anafoka: akina mama wamejaa nje, wanataka unga wa futari. Basi Yohana anapaka huku mhimili unazunguka, tambara mkononi. Nilimwambia aache. Nilimwambia mara moja tu, nikaendelea kujaza magunia.

Jumatatu, 31 Machi
Mhimili umedaka tambara. Na mkono wa Yohana. Nilikimbia kufunga mfereji, gurudumu likachelewa kusimama. Niliyoyaona sitayaandika.

Jumatano, 2 Aprili
Hospitali wamemkata juu ya kiwiko. Mkono wa kulia.
Lori limefika asubuhi. Grisi tele. Tumeweka gogo jipya, nimepaka mwenyewe, kinu hakitoi hata sauti. Tajiri anapiga mluzi. Namchukia. Mimi najichukia zaidi. Nilikataa haramu, gharama kalipa mwingine.

Jumapili, 6 Aprili
Pasaka yao. Nimekwenda hospitali baada ya adhuhuri. Nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia mkewe. Kanitangulia yeye. "Asante shemeji kwa kumkimbilia. Ameshanieleza, alisinzia kazini."
Hakusinzia. Nilifungua mdomo. Yohana akanitazama, akatikisa kichwa kidogo.
Mkewe alitoka kwenda kuchota maji. Uji ulikuwa unapoa. Nikamshikia bakuli, naye akala kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka ukaisha.