Kaka, Nilikutafuta kwa Baiskeli

Kaka yangu Hemedi,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba changu hapa Manundu, Korogwe mjini, miguu imevimba, makalio ndiyo usiseme, na medali bado iko shingoni kwa sababu sina wa kumwonyesha. Najua hutaisoma barua hii kabla hujanipigia simu. Naiandika hivyo hivyo, maana nina neno la kukuambia, na kila nikilijaribu kwa mdomo linagoma kutoka.

Neno lenyewe ni hili: mama hatunaye. Tumemzika, hitima tumeshaisoma, na wewe hujui. Basi, nimeliandika.

Alifia hapa mjini. Homa ilipomzidi nilimtoa kijijini kwetu Sindeni nikamleta huku awe karibu na hospitali, nikamwachia kitanda, mimi nikalala mkekani. Namba yako ya zamani niliipiga mpaka nikamchukia yule dada wa mtandao anayesema haipatikani. Wenzio mliokwenda nao machimboni, mmoja alisema uko Chunya, mwingine akasema Chunya ulishatoka zamani. Mama hakutaka mtu yeyote akuite mpotevu. "Mwanangu hajapotea, amechelewa tu," alikuwa akisema. "Huyo tangu tumboni alichelewa." Kisha anacheka, halafu anageukia ukutani, na mimi najifanya natafuta kitu mlangoni.

Baada ya mazishi nilitaka kukutangazia redioni kama watu wanavyotangaza misiba. Mjomba Rajabu akanikatalia. "Mtu wa mbali haambiwi msiba, wewe Athumani. Utamwangusha njiani. Mwambie mama anaumwa, aje. Mengine atayakuta nyumbani." Ndivyo tulivyofanyiwa hata sisi alipofariki baba, unakumbuka? Tuliitwa kutoka shule, tukaambiwa baba anaumwa, na tulipoona viti vimetolewa nje kwa majirani wote ndipo wewe ukanishika mkono. Ulinishika tu, ukanibana mpaka vidole vikafa ganzi.

Basi nikatoa tangazo kwamba mama anaumwa. Redio ya hapa haifiki mbali, halikujibiwa na mtu.

Ndipo wakaja hawa watu wa mashindano ya baiskeli za milimani. Siku tano, kuanzia Old Korogwe, mnavuka mto, mnaingia nyika za Handeni, mnalala kwenye mahema, mnarudi kwa kuzungukia Hale. Walitaka na wenyeji wachache washiriki. Kijana wao mmoja alikuja sokoni, kwenye meza yangu ya viatu vya mitumba, akaniambia kila jioni wanawarekodi waendeshaji kwa simu wakizungumza, wanarusha mitandaoni, nchi nzima inaona. Nikamwambia niandike. Hata sikuuliza zawadi ni nini. Nilitaka kusimama mbele ya simu ile niseme jina lako, wewe popote ulipo ulisikie.

Baiskeli nilipewa na wao. Chuma chepesi, kaka, unaibeba kwa mkono mmoja. Si kama ile ya baba tuliyokuwa tukipakia mkaa kuleta Korogwe, wewe umeshika usukani, mimi nyuma nasukuma gunia kwa kichwa, jasho na vumbi la mkaa vinaniingia machoni mpaka nalia. Nikilia ulikuwa unasema, "Lia huku unasukuma." Sijui kwa nini maneno hayo yalikuwa yananifurahisha. Tukifika kilele cha mlima unavunja muhogo vipande viwili, unanipa kikubwa, halafu unanidai shukrani njia nzima.

Sasa sikia aibu yangu. Siku ya kwanza, kilima cha kwanza tu baada ya mto, nilishuka nikaanza kusukuma. Miguu ilishuka yenyewe! Ndivyo ulivyonifundisha, mlimani baiskeli inasukumwa. Wenzangu wananipita wamekaa, wananyonga taratibu. Dada mmoja wa Arusha, jina lake Neema, akapunguza mwendo. "Kaka, mbona unaitembeza? Hizo gia si mapambo." Nilicheka peke yangu kama mwehu. Siku ya pili ikawa mbaya zaidi. Mteremko mrefu wenye changarawe, mbio zimekolea, na mimi badala ya kubana breki nikarusha mguu nyuma nikakanyaga tairi kwa kiatu, vile tulivyokuwa tukifunga breki kwa kandambili. Nililala chini kaka, goti likachanika. Watu wa huduma ya kwanza wakaniuliza nilikuwa nafanya nini. Ningewaelezaje? Ni wewe peke yako ambaye ungeelewa, na ungenicheka mpaka kesho.

Ukweli ni kwamba nilikuwa wa mwisho karibu kila siku. Mnaanza kundi zima, kelele, muziki, kisha baada ya muda kila mtu anabaki na pumzi zake. Mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu, miiba, jua, na vumbi la waliokwisha kupita. Karibu na Sindeni nilipita kwenye njia zetu zenyewe na sikumwona hata mmoja ninayemjua. Kijana wa Kimaasai alikuwa na ng'ombe wake barabarani, ikabidi nisimame. Akanitazama, akaitazama baiskeli isiyo na mzigo. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia tunazunguka tu, tunarudi Korogwe. "Nani anakufukuza?" Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa. "Pole sana," akasema, na alimaanisha.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Kule kambini kila mtu na simu yake. Huyu anamwonyesha mkewe malengelenge, yule anagombana na mtoto aache sukari. Mimi nakunywa chai, naingia hemani mapema. Kusema kweli, nilikuwa mpweke mpaka nikatamani hata mtu wa kunikaripia. Mama alikuwa anakaripia vizuri. "Unakula kama unafukuzia treni!" Sasa nakula taratibu na hakuna anayejali.

Siku ya nne walinirekodi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Dada mwenye simu akaniuliza najisikiaje, nikamkatiza: "Mimi ni Athumani wa Sindeni. Namtafuta kaka yangu Hemedi. Kaka, mama anaumwa, rudi nyumbani. Namba yangu ni ile ile." Nilisema kama mjomba alivyonifundisha, tena kwa sauti ya mtu ambaye mama yake kweli yuko ndani amelala. Dada yule akaniambia pole, Mungu atamponya. Nikaitikia amina.

Leo asubuhi, kwenye mashamba ya mkonge, simu ikaita mfukoni. Namba ngeni. Nikashuka.

"Athumani?"

Sikuuliza nani. Sauti imekuwa nzito lakini ni wewe.

"Nimekuona kwenye simu ya mtu," ukasema. "Umekonda."

"Wewe uko wapi, kaka?"

"Mbali. Mama anaumwa nini?"

"Anaumwa tu. Njoo."

"Mpe simu niongee naye."

Mkonge kushoto, mkonge kulia, mistari mirefu hiyo. Nikakwambia niko kwenye mbio, niko porini.

"Sawa. Jioni ukifika nyumbani nitapiga, umpe. Mwambie simu nitakayopiga ni yangu, asiogope namba." Halafu ukacheka kidogo. "Atanitukana huyo. Mwache anitukane."

Nikasema haya, kaka. Ndicho nilichosema. Haya.

Ulipokata nilikaa chini kando ya baiskeli. Neema wa Arusha naye leo alikuwa amechelewa kwa pancha, akanikuta. Akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia hapana, kaka yangu amepatikana. Akapiga vigelegele pale pale, peke yake, katikati ya mkonge, nami nikamshukuru.

Nimemaliza mbio, kaka. Nimefika uwanjani watu wanapiga makofi, wake wanakumbatia waume, watoto wanapandishwa mabegani. Mama mmoja aliyekuwa akivalisha medali aliniuliza, "Watu wako wa nyumbani wako wapi tuwapige picha?" Nikasema wako njiani. Akasubiri kidogo, halafu akanipiga peke yangu.

Sasa jua limelala juu ya mabati ya jirani na simu iko hapa mapajani. Mjomba nimemwambia habari yako, na bado anasisitiza: sema mama amelala, sema amepewa dawa ya usingizi, mradi Hemedi apande basi. Najua anakutakia mema. Lakini wewe umesema nimwache akutukane, na ukipanda basi utakuja njia nzima unamwandalia mama majibu, unacheka mwenyewe dirishani. Siwezi kukupakia jambo hilo. Kuanguka utaanguka tu, kaka. Heri uanguke mimi nikiwa ninakusikia.

Mimi nilipofiwa sikuwa na mtu. Nesi aliniambia mlangoni mwa wodi, akaenda kwa mgonjwa mwingine, nami nikabaki nimeshika chupa ya uji ambayo bado ilikuwa ya moto. Sitaki iwe hivyo kwako huko uliko.

Hiyo inaita. Ni ile namba.

Kabla sijakuambia lolote nitakuuliza kama umekaa, na kama hapo ulipo kuna mtu anayeweza kukushika mkono.

Mdogo wako,
Athumani