Mutoto wa Miezi Mbili

Bénita mujukuu wangu, uliye mbali kambini Nakivale,

Mama Rosine ndiye anaandika, mimi koko yako, nyanya yako, ninasema tu. Sisi tungali hapa Katoyi. Nilipanda kabeji ndani ya mufuko, juu ya mawe ya volkano. Mbuzi ya jirani ikakula zote. Nikatukana jirani, maana mbuzi haisikii.

Unasema mimba ni ya miezi mbili, munganga wa hospitali anaiita «embryon», na mimi niache kuiita mutoto. Nikauliza Mama Rosine hilo neno. Akasema: «Koko, ni mutoto mwenye angali anaanza tu.» Basi si ni mutoto!

Lakini ninakujua. Ile mimba ya kwanza ilitoka njiani, tulipokimbia vita Kibumba, na ulikuwa umeshaipa jina. Ndiyo maana unaogopa.

Sikia. Wewe uite embryon mpaka icheze tumboni. Mimi nitaiita mutoto kila asubuhi, kwa sauti, kwa ajili yetu wawili. Kitenge ya kumubeba nimeshafua. Usije sasa, njia ni mbaya. Lakini mugongo wangu unamungoja.

Koko yako, angali mukali