Gasketi ya Mwita Haikuvuja

Mpendwa Mwita, ndugu yangu wa kiti cha pili,

Kwanza ujue kwamba kati ya Migori na Homa Bay hakuna mtu anayejua joto la injini kunishinda mimi. Najua umecheka mpaka ukaweka spana chini. Haya, ni uongo. Anayejua ni wewe. Mimi nilichojua nilikiokota kwako, nusu nikakisikia vibaya, nusu nikajifanya nimesikia. Darasa la tatu la misheni halikunifundisha kusoma geji.

Sina anwani yako huko Tarime, ndiyo maana naandika gazetini. Lakini hata ningekuwa nayo, bado ningeandika hapa. Jina lako nililiharibu sokoni Migori mbele ya watu, siwezi kulisafisha jikoni nikiwa nimefunga mlango. Wengi wanaosoma hawatujui, kwa hiyo utanivumilia nikikusimulia mambo ambayo wewe mwenyewe ulikuwapo.

Unakumbuka yule bwana wa pamba alivyokuwa akifunga mizigo arudi kwao, Uhuru ukibisha hodi. Huyu alitaka kitanda chake, yule alitaka mbwa wake. Sisi alituachia lile gari la mbio, la kijani, viti viwili, limekaa chini kama bata anayeatamia. Hata wakati huo lilikuwa zee. Mimi nilikuwa dereva wa lori lake, wewe fundi wake, na barua aliyoiacha ilikuwa na majina mawili, la Mjaluo na la Mkuria. Watu wakasema gari litapasuka katikati kabla ya mavuno. Kidholuo hukukijua, na Kikuria kwangu ni kokoto mdomoni, basi tukawa tunagombana kwa Kiswahili, hiki hiki ninachokuandikia.

Siku ya kwanza nilishika usukani kutoka Homa Bay, wewe kando yangu, kofia umeifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu. Mbele yangu geji mbili, moja ya maji, moja ya oili. Hata Rodi Kopany hatujafika, ile ya maji ikasimama kwenye mia na themanini, kwa kipimo cha Farenhaiti. Sasa mimi nilikuwa nimetoka dispensari juzi yake tu, najua kipimo cha daktari. Mtu akifika mia na tano, mchungaji anaitwa. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikavua kofia. Nikakuambia marehemu alikuwa gari zuri. Wewe hata hukushuka.

"Mzee, hiyo si homa," ulisema. "Hiyo ndiyo afya yake."

Ukanifundisha njia nzima mpaka Rongo. Kwamba maji ya rejeta yakicheza kati ya mia na sitini na mia na tisini, dereva aimbe. Kwamba oili huanza nyuma, hupanda polepole, halafu huyapita maji, na mlimani inaweza kugusa mia mbili na zaidi kidogo bila mtu kulia. Kwamba gari lisikimbizwe maji yakishapata moto tu, lingojee na oili, kwa sababu maji yana haraka na hudanganya. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya Kilatini.

Tulikula raha, Mwita. Wale mama wauza samaki wa Kendu Bay walituita wanaume wawili ndani ya karai. Siku niliyofunga dagaa wa omena kwenye karatasi nikawaweka juu ya injini wapate joto, ulifunika pua na shati mpaka Awendo, ukiapa kwamba ukoo wako haujawahi kunuka hivyo tangu dunia iumbwe. Nilipofungua karatasi ukala konzi tatu. Nilihesabu.

Na kile kikopo cha shaba, thamostati. Ulikitoa kwenye shingo ya injini ili unionyeshe kazi yake, ukakitumbukiza kwenye sufuria ya mke wangu Akinyi, juu ya jiko. Maji yalipokaribia kuchemka, kikafumbua mdomo kama samaki ngege aliyetolewa ziwani. Ukasema huyu ni bawabu: hufunga njia ya maji mpaka injini ipate joto lake, ndipo hufungua. Akinyi akauliza kama bawabu huyo analiwa, na kama haliwi, tumrudishie sufuria.

Basi nisikilize sasa, maana hapa ndipo nilipokudanganya.

Ulipokwenda Kehancha kwenye harusi ya binti wa kaka yako, mimi nilipanda mlima wa Rongo jua likiwa kali, na geji ya maji ikafika mia mbili. Nikaogopa. Dereva mmoja wa lori akaniambia nitoe kile kikopo, kwamba ni cha nchi za baridi, hapa kwetu kinakaba gari koo. Nikakitoa, nikakificha. Kuanzia siku ile mshale haukupita mia na ishirini. Uliporudi ulinikuta nikitamba kwamba gari limepoa kama mtungi wa maji ya kunywa. Uliniuliza mara tatu nimefanya nini, na mara tatu nikajibu ni ufundi wa mguu wangu.

"Injini baridi haijapona, mzee," ulisema. "Imelala kazini."

Oili haikupata moto tena. Safari zangu zilikuwa fupi, nyumbani mpaka sokoni, sokoni mpaka nyumbani. Ule unyevu ambao oili yenye joto ingeufukuza kama mvuke ukakaa humo humo. Baada ya miezi nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta chini yake povu jeupe kama maziwa lala. Migori nzima ikaja kutazama, na Migori nzima ikawa mafundi: gasketi, ile karatasi ya kuziba chini ya kichwa cha injini, imekufa, maji yameingia kwenye oili. Na gasketi, nani aliyeifunga ila wewe? Mimi sikuwaambia habari za kikopo. Nilisema, kwa mdomo wangu huu, ni gasketi ya Mwita.

Injini ilipoanza kugonga, beringi zikaliwa, gari likavutwa na ng'ombe mpaka bomani kwangu, ulikuja. Hukupiga kelele. Ulisimama mlangoni na masanduku ya spana.

"Mzee, kama ni gasketi yangu, fungua uione."

Sikufungua. Kichwa cha injini hakifunguliwi bila kupita kwenye ile shingo, na ungeikuta tupu.

Nilidhani maneno yatapita. Hayakupita, Mwita, yalipata miguu. Paa la kanisa likivuja, watu wakasema ni gasketi ya Mwita. Mtu akitoa ahadi asiitimize, gasketi ya Mwita. Mama mmoja alikuwa akimkemea mwanamke mwenzake kwa mtungi wenye ufa, hajui hata Mwita ni nani, lakini jina analo. Wateja wakakukimbia mmoja mmoja. Ukavuka mpaka. Mimi nikabaki na gari zima la watu wawili, nalo halitembei.

Mwaka huu nikachoka kulitazama. Nikamwita fundi kutoka Kisii, akafungua kichwa. Gasketi ilikuwa safi, Mwita. Haikupitisha hata tone. Fundi aliipangusa kwa kidole, akauliza ni nani aliifunga, maana angependa kufanya kazi na mtu huyo. Halafu akauliza thamostati iko wapi. Nikaangalia mawingu. Akinyi ndiye aliyejibu: "Iko kwenye kopo langu la vifungo. Aliniambia ni kitu cha redio."

Akaenda akaileta, na sufuria akaileta bila kuombwa. Nilipoiona inafumbua mdomo ndani ya yale maji, Akinyi alinitazama kwa namna ambayo singependa kuiandika gazetini.

Tumeosha injini, tumeweka beringi mpya na oili mpya, na bawabu amerudi kazini. Ni wiki mbili sasa. Nimekwenda Rongo na kurudi, na Jumamosi nilifika Homa Bay. Maji yamesimama kwenye mia na themanini kama askari. Oili ilitoka nyuma, ikapanda taratibu, ikayapita nikiwa karibu na Rodi. Niliungojea huo mshale wa pili kwa adabu ambayo sikuwahi kukuonyesha wewe. Nikaona kwamba mimi ni maji, rafiki yangu, napata moto upesi na kutangaza upesi. Wewe ni oili. Ulichelewa kukasirika, na najua kinachochelewa kupata moto huchelewa kupoa. Lakini hupoa. Injini yoyote iliyozimwa, ukirudi baada ya muda unaweza kuiwekea mkono. Miaka mitatu tangu uondoke si muda mfupi, na mimi mkono wangu uko tayari kuungua kidogo.

Ninyi wa Migori mnaosoma, tangu leo paa likivuja tafuteni neno lingine. Mkikosa, semeni ni thamostati ya mzee. Nitaitika.

Nawe, Mwita, nakudai kitu kidogo. Ile siku mgongo wako ulipokataa, nikakubebea jeki kichwani kutoka stendi mpaka kibandani kwako, ulisema nitaje jambo moja siku yoyote, utalifanya. Nalitaja. Njoo siku ya soko. Gari nitaliweka mbele ya kinu cha posho, pale pale niliposema yale maneno. Kifuniko cha oili sijakifungua tangu tulipomaliza kuifunga injini, nimeogopa rangi nitakayoikuta. Kifungue wewe, upitishe kidole chini yake, uwaonyeshe watu kabla hujanionyesha mimi.

Ni mimi, mwenye mdomo,
nduguyo wa kiti cha kwanza