Chumvi Chini ya Kerezo

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike kule Pito sijakusemesha, maana nyumbani wote wameniambia marehemu haitwi ovyo, aachwe apumzike. Nimewasikiliza. Lakini wewe hupumziki, baba. Upo hapa karakana, mbele ya kerezo lako, pale pale ulipokuwa ukisimama kuchonga vyuma, na nadhani najua kinachokuzuia.

Nianze na chumvi. Asubuhi niliyofungua karakana baada ya matanga nilikuta sakafu imelowa mbele ya kerezo. Nikafikiri paa linavuja, halafu nikakumbuka ni kiangazi, na upepo wetu huu unakausha hata mate mdomoni. Maji yale yalipokauka yaliacha duara jeupe kwenye saruji. Nikagusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi. Maji hayo si ya bomba, na si ya ziwani pia, maana maji ya Tanganyika tunayanywa. Bahari yenyewe mimi naijua kwa hadithi zako za jeshini tu. Nilipiga deki mpaka pakang'aa, na kesho yake duara lilikuwa limerudi.

Kisha akaja yule bwana mwenye mashine ya kusaga kule Chala, yule mnene aliyekuwa akikutania kwamba Mfipa kwenda uanamaji ni sawa na kuku kwenda kuvua. Hakuwa amesikia habari za msiba. Nilikuwa uani nachambua vyuma chakavu, nikamsikia akitoa shikamoo, kisha akacheka peke yake. Nilipoingia alikuwa keshaweka shafti yake iliyokatika juu ya meza. Akaniambia mzee amesema aiache, aje Ijumaa. Nikamuuliza mzee yupi. Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kerezo, na pale hapakuwa na mtu. Nilipomweleza alikaa juu ya tairi bovu akaomba maji ya kunywa. Ijumaa hakuja mwenyewe, alimtuma mkewe.

Shafti niliichonga, baba, na imekaa vizuri. Najua ungetaka kuuliza.

La tatu ndilo lililoniganda moyoni. Unakumbuka ulivyonifundisha kusikiliza mashine kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ulisema ndivyo mlivyofanya melini, kwa sababu kule chini kelele ni nyingi na sikio tupu halisikii kitu. Mchana mmoja umeme ulikatika, mtaa mzima ukanyamaza, hata cherehani ya jirani. Sijui kilichonituma, nikaweka bisibisi kwenye kerezo lililozimwa. Nikasikia injini. Kubwa, ya taratibu, inatoka chini kabisa, ile ile uliyokuwa ukiniigizia kwa mdomo nilipokuwa mtoto nisiyetaka kulala. Katikati ya mapigo yake nilisikia maji yakipita, kama yako nyuma ya ukuta. Vinyweleo vilinisimama mikono yote. Lakini nisikudanganye, nilifurahi. Nilibaki nimeinama pale mpaka umeme uliporudi, na tangu siku hiyo kila asubuhi nilifungua mapema ili nikusikilize kabla wateja hawajaja.

Shangazi Restituta ndiye aliyenifungua macho, na hata yeye hakujua anafanya hivyo. Tulikuwa tunapepeta ulezi wa pombe ya arobaini yako. Yeye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda chako siku ile ya mwisho, kwa kuwa mimi ulinituma Kipili kwa wenye boti iliyopinda shafti, ukasema homa hii ni ndogo, nikirudi nikuletee samaki, migebuka. Nilirudi na migebuka, baba. Tuliwapa majirani waliokuja kulia.

Basi shangazi anapepeta, anazungumza tu kama mtu anayepitisha muda, akasema hajawahi kuona mtu anayelipenda jeshi namna ile, hadi pumzi ya mwisho. Ulimwambia, "Zamu nimekabidhi." Ukarudia. Akakujibu, "Kaka, zamu gani tena, si ulishastaafu?" Ukageuza uso ukawa unautazama mlango, na macho hayakutoka mlangoni mpaka yakatulia.

Ungo ulinidondoka. Shangazi alidhani nimeshikwa na majonzi, akanikumbatia, na sikumweleza. Angejuaje yeye? Alikujibu kama ambavyo dada yeyote angekujibu.

Lakini mimi najua. Injini haiachwi hewani, ulikuwa ukisema. Anayetoka zamu anatamka "Zamu nimekabidhi", anayeingia anaweka mkono kwenye chuma, anasikiliza, anajibu "Zamu nimepokea", na hapo ndipo wa kwanza anapanda ngazi kwenda juu kulala. Asipojibiwa habanduki. Uliniambia kuhusu safari ile mwenzako wa kukupokea alipolala hoi kwa malaria, nawe ukasimama chini mle usiku kucha na kutwa yake, miguu ikavimba hadi viatu vikakatwa kwa kisu. Ukayaleta mambo hayo hayo hapa Sumbawanga, katika karakana ya watu wawili. Kila jioni uliondoka kwenye kerezo hatua moja, ukatamka, ukasubiri. Siku moja nikakutania, nikakaa kimya makusudi nione utafanya nini. Ulisimama tu, umeshika kofia. Giza likakaribia, ugali ukapoa nyumbani, wewe umesimama na wala hukukasirika. Nilipojibu ulisema, "Haya mama," ukavaa kofia tukaenda.

Kwa hiyo umesimama, baba. Hakuna aliyekujibu, na wewe si mtu wa kuacha injini hewani.

Tangu siku ya ulezi ule ningeweza kuja hapa nikatamka neno langu na ukaenda zako. Sikuja kulitamka. Nilikuja kila asubuhi na bisibisi yangu, nikakusikiliza, nikafunga mdomo. Nilijiambia nasubiri kwanza kaka Deo aamue, maana amepata mtu Tunduma anayelitaka kerezo, na akiliuza mimi nitakuwa nimepokea nini? Maneno tu hayo. Ukweli ni kwamba nilikutaka hapa. Nyumba haina sauti yako, kiti chako wageni wanakikalia bila kujua, na hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo bado nakusikia. Nani angeharakisha kupafunga?

Ila wewe mwenyewe ulinifundisha sikio hili, na sasa limenigeuka. Wiki hii sauti imebadilika. Mapigo hayalingani. Kuna mkwaruzo mdogo kati ya pigo na pigo, wa beringi iliyokauka grisi na bado inalazimishwa kuzunguka. Nimeusikia kwenye mashine nyingi za kusaga, najua maana yake. Na duara la chumvi limepanuka, limefika mlangoni. Leo asubuhi nilisikiliza muda mrefu, nikaelewa kwamba umechoka. Umesimama kwa ajili yangu na miguu inavimba, na mimi nafurahia kukusikia.

Nikampigia Deo. Nilimwambia kerezo haliuzwi, nalishika mimi. Aliuliza kama nimefikiri vizuri, mwanamke peke yake na vyuma, na wateja wa mjini wanaopeleka kazi zao Mbeya. Nikamwambia nimefikiri. Akasema, "Basi dada, uwe na maisha mema na hilo limashine." Ni baraka ya Deo hiyo, unamjua.

Sasa ni saa nne asubuhi, jua limeingia hadi kwenye meza. Kerezo limezimwa. Mkono wa kushoto nimeuweka juu yake na chuma kina baridi, kisha kina joto mahali pamoja, upana wa kiganja chako. Naandika kwa mkono wa kulia na machozi yanachafua karatasi, utanisamehe.

Nakuahidi haya. Sitaiacha kazi ya mtu katikati. Beringi nitazipa grisi kabla hazijalia. Nitamtafuta binti au kijana wa kumfundisha bisibisi, na kila jioni nitamkabidhi, na nitasubiri hadi ajibu. Kaburi lako nitalipalilia kabla ya mvua. Na kesho sitaweka sikio hapa kukutafuta, hata nikitamani namna gani.

Kwaheri baba yangu. Wasalimie wenzako wa chini mle melini mliosimama pamoja, kama wamekwisha kupanda.

Natamka kwa sauti, mlango uko wazi, mtaa wote usikie.

Zamu nimepokea, baba. Panda juu ukalale.

Mwanao,
Gaudensia