Maumivu Yasiyoonekana kwenye Vipimo

Chumba Na. 7, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Mapazia.

12 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, hujalala, na magoti yamekupa nafasi. Vipi mgongo? Vipi usingizi? Yule jirani yako wa redio amepata adabu? Wanangu hawajambo, mkubwa anakula kama anajaza gunia.

Mimi ndiye mwenye sijambo ya mdomoni tu. Mwaka wa pili huu mwili unaniuma wote. Ingekuwa mahali pamoja ningepaonyesha kwa kidole. Leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa hata ngozi, nguo ikinigusa naona kama imefumwa kwa miiba. Nalala usiku mzima, naamka kama mtu aliyeshinda akipakua saruji.

Nimepima damu mara nne, na kila mara naambiwa ni safi. Ilifika mahali nikaomba wanikute na kitu, chochote, bora kiwe na jina. Mungu anisamehe.

Kazini ndiko kulikoniumbua. Bosi wetu, tunayemwita Mama Futi kwa ile tepu ya kupimia isiyomtoka shingoni, alinipa mapazia ya ukumbi wa hoteli. Nilipima, nikaandika, nikakata. Siku ya kuyatundika, yote kumi na mawili yakaishia hewani bila kufika sakafuni, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaingia chooni nikalia. Kichwa kilikuwa na ukungu. Namba niliiona, ila haikukaa. Mama Futi hakupaza sauti. Aliniambia tu kwamba mimi siumwi, nimeichoka kazi, na kama nimeichoka niseme.

Nyumbani nako, baba watoto ni fundi umeme, unamjua. Kwake yeye, kisichoonekana kwenye kipimo hakipo. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa anaguna tu akikuta vyombo havijaoshwa, na mguno wake nao ulikuwa unauma.

Mwezi uliopita hatimaye nilipata nafasi kwa daktari wa viungo. Baba watoto alinisindikiza shingo upande. Daktari, mama wa makamo, aliniuliza naamkaje asubuhi, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanibonyeza kwa kidole gumba begani, kwenye kiwiko, karibu na goti, polepole kama anayejaribu mkate kama umeiva. Machozi yakanitoka. Baba watoto akasimama.

"Daktari, mbona umemgusa tu?"

"Ndiyo, nimemgusa tu," daktari akamjibu. "Kwake yeye, hivi ndivyo inavyouma."

Tulirudi nyumbani. Jioni ile vyombo aliviosha yeye.

Ugonjwa unaitwa fibromaljia. Daktari anasema sikuutunga mwenyewe, wala hauui. Ni kama mishipa ya fahamu inapigia kelele kila jambo dogo. Dawa ya kuumaliza hakuna. Amenipa vidonge vya kunipa usingizi wa kupumzisha mwili, na ameniambia nitembee kila siku, nianze na dakika kumi. Amenielekeza pia kwenye kikundi cha wagonjwa wanaokutana Jumamosi. Mara ya kwanza sikufungua mdomo. Mara ya pili mwalimu mmoja mstaafu alieleza anavyochana nywele kwa vituo, akiupumzisha mkono kila mara, nikaona ananisema mimi.

Mama Futi ameisoma barua ya daktari. Amenihamishia kwenye kushona pete za mapazia nikiwa nimekaa, nusu siku, mpaka mwisho wa mwezi, halafu ataona. Ataona nini, sijui, na siku zinakwisha.

Sasa, Shangazi, hili ndilo lililonishikisha kalamu. Ulipokaa kwetu nilipokuwa msichana, ulikuwa ukiamka unashika ukuta. Mimi na kaka zangu tulikupa jina, Bibi Aiya, kwa ile "aiya" uliyoitoa kila ukiinuka, na aliyekuigiza vizuri kuliko wote ni mimi. Mama alicheka, na wewe ukacheka. Kicheko chako kile leo nakijua kinatoka wapi. Hakuna aliyekupeleka kwa daktari. Tulizidi kukutuma maji. Nisamehe.

Usinipe pole. Niandikie ulivyokuwa ukiishi: asubuhi ulianza na mguu gani, ulimwambia nani, hasira uliipeleka wapi. Na wewe nenda ukapimwe. Umri si sababu ya kuumwa kimya.

Mkono umegoma. Kuanzia hapa anaandika mkweo, mimi nasema.

Wasalimie kaka mkubwa na mkewe, na yule bibi mkunga wa hapo kwenu. Wajukuu zako wanakuamkia. Mungu akujalie asubuhi nyepesi.

Mwanao akupendaye sana,
Binti wa kaka yako.

Shikamoo Shangazi, ni mimi mkweo. Ameniambia nimalizie kwa kusema usiwe na wasiwasi, anaendelea vizuri. Nimekataa kuliandika hilo. Haendelei vizuri, na mimi nilichelewa kumwamini. Ukiweza kusafiri, njoo. Usipoweza, mjibu upesi.